Mkamwana Mwenye Chaki

Nosim wa Ngarenaro hajawahi kumwomba mtu radhi kwa sababu anajua Kifaransa. Wapo watu wanaojua jambo lao vizuri kisha wakalisema kwa kujikunja, kama mtu aliyechelewa ibada anayetafuta nafasi benchi la nyuma. Yeye si wa aina hiyo. Darasa lake liko ghorofani, juu ya karakana ya mafundi wa kuchomelea vyuma, na utamsikia kabla hujamaliza ngazi, mashine za chini zingurume au zisingurume. Wanafunzi wake wengi ni madereva wa watalii, wanaume waliopasua pancha porini huku tembo anawatazama, na bado wakisimamishwa mbele ya ubao wake jasho linawatoka. Siku ya kwanza huwaambia jambo moja bila kuwapaka mafuta.

"Kiswahili kimewadekeza."

Maana yake ni hii. Mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili amezoea herufi zenye adabu. A ni a asubuhi, ni a jioni, ni a hata ukihamia Mwanza. Umeliona neno, umelisoma, umemaliza kazi. Sasa mtu huyo mpe ukurasa wa Kifaransa. Ataita kila herufi iliyosimama kwenye mstari, na nusu yake hazikutakiwa kuitwa. Za mwishoni mara nyingi zimelala. Nyingine zimebebana tatu kwa pamoja, e na a na u, ili kutoa sauti ya "o" peke yake, sauti ambayo mtoto wa chekechea huiandika kwa kuzungusha kalamu mara moja. Madereva hulalamika sana hapo. Kama ni "o", kwa nini Wafaransa wasiandike o tu, watu wakaendelea na maisha?

"Zamani walizitamka," Nosim huwajibu. "Midomo ikachoka, mkono haukuchoka. Mkono bado unaandika kama walivyosema mababu zao. Na nyie msijifanye hamjawahi kuona mambo hayo. Kibao cha barabarani kwetu kimeandikwa Oldonyo Sambu. Mama mkwe wangu hajasema Oldonyo hata siku moja tangu azaliwe, anasema Oldoinyo. Mbona hapotei njia ya kurudi nyumbani?"

Kisha huwapa moyo, kwa sababu si mkatili, ana haraka tu. Huwaambia kwamba Kifaransa hakimdanganyi msomaji, kinamtesa mwandishi. Ukishajua kwamba e, a na u zikikaa pamoja ni "o", zitakuwa "o" popote utakapozikuta, na unaweza kusoma gazeti zima bila kugugumia. Ila ukisikia "o" sikioni ukaambiwa uiandike, hapo ndipo utakapotafuta kitambaa cha machozi. "Na sisi kazi yetu ni kusema na wageni," humalizia. "Machozi tuwaachie makarani."

Uhakika huo hakuuokota njiani. Alitoka Oldonyo Sambu akiwa msichana, akaja Kimandolu kufanya kazi za ndani kwa familia moja kutoka Benin, baba wa familia akiwa mkalimani wa mahakama. Watoto walikuwa watundu na Kiswahili hawakukijua. Ikabidi yeye ndiye ajifunze. Alijifunza kwa masikio, jikoni na bafuni, katika ugomvi wa nani amevunja nini. Alikuwa anajua kusema "fungua mdomo", "usidanganye" na "kiatu kingine kiko wapi" miaka mingi kabla hajaona neno hata moja la Kifaransa limeandikwa. Siku alipofungua kitabu cha hadithi cha mtoto mdogo, hakulitambua hata neno moja. Akamwomba mama mwenye nyumba amsomee ukurasa polepole, yeye akifuata kwa kidole, na hapo akagundua kwamba maneno ni yaleyale yake, ila yamevaa makoti makubwa kuliko mwili. "Boku", neno aliloliimba kila siku kushukuru, lilikuwa na herufi nane. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tangu siku hiyo akawa na msimamo wake: sikio kwanza, jicho baadaye. Darasani kwake hakuna anayeshika kalamu mpaka neno limeshakaa mdomoni.

Aliolewa nyumbani kwao, na mwana wa kwanza wa Mzee Yiamat. Mume huyo alifariki kwa ajali ya lori kwenye barabara ya Namanga, binti yao Diana akiwa bado anatambaa. Kwa Waarusha jina la marehemu halitamkwi na watu wake, na hapa pia halitaandikwa. Ikibidi, huitwa baba Diana. Mara nyingi haibidi.

Nosim alirudi mjini kufundisha, lakini hakuikata kamba ya nyumbani. Na baba mkwe hawakuitana kwa majina. Siku ya harusi mzee alimpa kondoo, na kwa desturi waliopeana kondoo huitana Paker. Yeye alimwita mzee Paker, na mzee alimwita yeye Paker, na ndani ya neno hilo moja ilikaa heshima yote inayotakiwa kati ya mkamwana na baba wa mumewe. Hambishii. Hamsemeshi kwa sauti ya juu. Kumkosoa mbele za watu ni jambo ambalo hata kulifikiria linampa mkamwana kigugumizi, na Nosim, kwa ukali wake wote wa Ngarenaro, alikuwa mkamwana kama wengine akishavuka kibao cha Oldonyo Sambu.

Sasa mwaka huu akaja Agnela. Huyu ni mama wa Kibosho mwenye kampuni ndogo ya utalii mjini, mwanamke wa maneno machache na viatu imara. Alikuwa na wageni wa Kifaransa, wastaafu wasio na haraka, waliochoka kuonyeshwa watu wakirukaruka kisha kupakiwa kwenye gari. Walitaka kushinda siku nzima kwenye boma la wakulima na wafugaji, wazungumze nao wenyewe, mkalimani asisimame katikati kama ukuta. Boma la Mzee Yiamat likapendekezwa. Agnela aliweka sharti lake wazi: atakuja na kundi la kwanza, atakaa pembeni, atasikiliza. Wenyeji wakiweza kuwapokea wageni kwa lugha yao, wageni wataendelea kuja hapo. Wasipoweza, kuna vijiji vingine vinavyomsubiri.

Nosim alilibeba jambo hilo kichwani kwake. Akaomba ukumbi wa usharika, akatangaza darasa la kila Jumamosi. Watu wa nyumbani walikuwa wamezoea kusikia kwamba anafundisha, lakini hawakuwahi kumwona akifundisha, na wengine waliamini anauza kitu huko Ngarenaro. Alilitaka darasa hilo lifaulu kuliko alivyotaka jambo lolote tangu amzike mumewe.

Wakaja kina mama wa shanga. Wakaja vijana, akiwemo Lerionka, mpwa wa mumewe, mwenye sikio jepesi kuliko wote. Na mbele yao wote, benchi la kwanza, akaja Mzee Yiamat mwenyewe, ambaye hakuna aliyekuwa amethubutu kumwalika. Alikuwa na miwani, na kitabu cha Kifaransa alichokinunua mjini kwa hiari yake. Mzee Yiamat ni mzee wa kanisa. Ndiye anayesoma somo la Jumapili, na anasoma bila kukwama, kwa sauti inayofika mpaka kwa walioegemea pikipiki nje. Katika rika lake walio wengi hawakupelekwa shule, na kusoma ndiko alikojivunia zaidi duniani baada ya kondoo wake.

Nosim akaanza kwa sikio, kama kawaida yake. Aliwafundisha sentensi ya kuwakaribisha wageni nyumbani: suaye le bienvenu she nu. Kina mama waliishika haraka, Lerionka akaishika kama aliyezaliwa nayo. Ndipo Mzee Yiamat akafungua kitabu chake, akaipata sentensi ile ukurasa wa mwanzo, akasimama, akaisoma.

"Soyez les bienvenus chez nous."

Aliisoma kwa sauti ya somo la Jumapili, kila herufi akiipa haki yake. Herufi tano za mwisho wa maneno zilizotakiwa kulala, z na s na s na z na s, aliziamsha zote, akazisimamisha, akazisalimia. Kisha Lerionka, ambaye punde tu alikuwa ameisema sawasawa, akairudia kama alivyoisoma mzee. Kina mama wakafuata. Walijua fika kwamba siyo hivyo. Lakini mzee amesoma, na mbele ya mzee aliyesoma wao ni nani waseme vingine? Darasa zima likakosea kwa heshima.

Nosim alisimama na chaki mkononi. Mwanamke aliyewatoa jasho madereva wa Land Cruiser alishindwa kusema neno "hapana".

Alijaribu kuzunguka. Aliuelekea ubao akasema, "Haya, tuseme wote," akitumaini sauti za wengi zitamfunika mmoja, lakini wengi walimsubiri mzee aanze. Aliziandika herufi zile tano kwa mkono hafifu, hazionekani vizuri, na mzee akarekebisha miwani akazitafuta mpaka akazipata. Alisema kwamba wapo watu huko mjini wanaozisoma herufi za mwisho, na Wafaransa huwacheka. Mzee Yiamat alitikisa kichwa kwa huruma, akiwasikitikia watu hao wa mjini. Jumamosi iliyofuata z zilivuma ukumbini kama nyuki, na kila mmoja alitoka akiwa na furaha isipokuwa mwalimu.

Akili ya Nosim haikai bure, na ilipomjia njia aliiona ni nzuri mno. Mzee hakosolewi na mkamwana, wala na mwanawe, wala na kijana yeyote. Lakini rika lake lipo. Waliotahiriwa msimu mmoja husemana watakavyo. Mmoja anaweza kumwita mwenzake mpumbavu mbele ya wajukuu, wakacheka wote, wakagawana nyama. Na katika rika la Yiamat, aliyekuwa karibu na mwenye mdomo ni Koikai, mnunuzi wa ng'ombe, ambaye akiwa mnadani huhitaji kipaza sauti kama samaki anavyohitaji mwavuli.

Nosim akamfuata mnadani. Kwa mila huyu naye ni mkwe wake, lakini hakwenda kumkosoa, alikwenda kumwimbia, naye aitikie. Koikai hakuwahi kuingia darasa lolote, kwa hiyo hakuwa na herufi za kumvuruga. Kati ya fahali mmoja na mwingine aliisikiliza sentensi, akaicheza mdomoni, na kabla vumbi la mnada halijatulia alikuwa anaisema kwa wanunuzi wenzake kama salamu. Nosim alirudi mjini akitabasamu peke yake njia nzima. Alijiona mjanja, na hilo ndilo kosa lake.

Jumamosi Koikai aliingia ukumbini amechelewa, akaketi karibu na Yiamat, akamsukuma kwa bega. Mzee Yiamat alisimama, akasoma. Koikai akaangua kicheko.

"Unapiga kelele za bure, rika langu. Hizo za mwisho zimelala. Mtu amelala, wewe unamvuta mguu." Kisha akaisema yeye, laini, sawasawa kabisa, mikono mgongoni.

Watu walicheka, na Yiamat mwenyewe akaanza kucheka, kwa kuwa desturi ndivyo ilivyo. "Na wewe nani kakufundisha?" akauliza. "Wewe kitabu unakishika kichwa chini miguu juu."

"Mkwe wetu huyu hapa," Koikai akasema kwa fahari. "Amenifuata mpaka mnadani. Akaniambia, nenda kamnyooshe mwenzio, mimi siwezi."

Kicheko kikakatika. Watu wote walimtazama Nosim, kisha wakatazama sakafu. Mzee Yiamat alivua miwani, akaifuta, akairudisha kwenye kasha lake. Akafunga kitabu. Akachukua fimbo yake iliyoegemea ukutani, akatoka bila kugombeza mtu, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

Jumamosi iliyofuata mabenchi yalikuwa matupu. Lerionka peke yake alifika mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo, Madam. Wamenituma. Wanasema wanakupenda, ila mzee hayupo. Tutakaaje humu na yeye yuko nyumbani?"

"Marahaba. Na zimebaki wiki mbili tu wageni waje, Lerionka. Mama Agnela amenipigia jana."

"Tunajua, Madam."

Nosim alimkasirikia Koikai kwa mdomo wake, akawakasirikia kina mama kwa woga wao, na alipomaliza orodha akabaki yeye mwenyewe. Aliona haya, haya za kweli, zinazochoma masikio. Akaufuta ubao ambao haukuwa na kitu, akafunga ukumbi, akateremka kwa miguu kwenye njia ya mahindi mpaka kwenye boma.

Alimkuta mzee zizini, amemkalisha kondoo jike kwa matako, anamkata kwato zilizorefuka. Upepo wa upande ule wa Meru ulikuwa unapeperusha vumbi.

"Shikamoo, Paker."

"Marahaba, Paker. Mshike huyu, anahangaika."

Nosim alipiga magoti akamshika kondoo miguu ya mbele, kama alivyofanya tangu utotoni. Mzee alikata ukwato mmoja, akausawazisha, akahamia wa pili. Alikuwa hana haraka, na yeye ndiye aliyeanza.

"Kama ungeninyamazia, ningekuelewa. Mkamwana akinyamaza, amefanya kama alivyofundishwa. Lakini hukunyamaza. Kosa langu ulilipeleka mnadani. Limezunguka kwa wanunuzi wote wa ng'ombe, mimi nikawa wa mwisho kulisikia."

"Nilikosa, Paker. Nimekuja kusema hivyo. Nilikosa sana."

"Ulidhani mimi siwezi kuambiwa."

Hilo lilimwingia Nosim mpaka kwenye mfupa. Ndivyo alivyodhani hasa. Alimheshimu mzee huyu miaka yote, na ndani ya heshima hiyo alikuwa amemhesabu kuwa mtu asiyeweza kuubeba ukweli. Machozi yalimlenga, akayaacha.

"Nilikuogopa," akasema. "Siyo wewe. Niliogopa kuwa mkamwana aliyemkosoa mzee."

"Basi niambie hapa, kondoo hatatutangaza." Mzee aligeuza kisu. "Kwa nini niziruke? Mimi tangu nijifunze kusoma sijawahi kumruka mtu. Herufi imeandikwa, imesimama hapo, halafu mimi nipite kama sijaiona? Hiyo si dharau?"

Madereva wa Ngarenaro Nosim angewapa hadithi ya midomo iliyochoka, wakacheka, wakaendelea. Kwa mzee huyu, katika zizi hili, hadithi hiyo ilikuwa nyepesi mno. Alimshika kondoo vizuri, akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote.

"Paker, nyumbani kwetu yupo mtu ambaye hatumwiti. Hatumwiti kwa sababu ya heshima. Lakini tukigawana chakula yupo. Tukihesabu watoto wako yupo. Anayetuhesabu akimwacha, tunasema amekosea hesabu."

Kisu kilisimama.

"Herufi hizo ndivyo zilivyo," Nosim akaendelea. "Ukiziacha kuziandika umekosea, kwa sababu zipo, na bila hizo neno si la nyumba hiyo tena. Ila kuziita haziitwi. Kupita kimya mbele yake ndiyo heshima yake."

Mzee alitazama ukwato kwa muda. Kondoo alipiga chafya. Nosim alifikiri amevuka mpaka, akajiandaa kuambiwa aondoke.

"Na haziamki kamwe?" mzee akauliza.

"Zinaamka. Ikija sauti ya a, e, i, o au u mwanzoni mwa neno linalofuata, nyingi huamka. Hiyo s ya 'les', peke yake ni 'le' tu. Lakini weka 'enfants' mbele yake, inakuwa 'lezanfan'. Inasikika kabisa."

"Hilo neno maana yake nini?"

"Watoto."

Mzee Yiamat alivuta pumzi. "Diana huko shuleni," akasema polepole, "wakiita majina asubuhi, wanamwitaje?"

"Diana, kisha jina la baba yake."

"Kila siku?"

"Kila siku, Paker."

Mzee aliinamisha kichwa, akabaki hivyo. Alikuwa analia, na hakujificha, ila machozi ya mzee hayatazamwi, kwa hiyo Nosim alimtazama kondoo. Baadaye mzee alimaliza ukwato wa mwisho, akamwachia mnyama akakimbilia wenzake.

"Nimeelewa," akasema. "Jumamosi nitakuja. Nikikosea, uniambie wewe. Mbele yao, kwa mdomo wako."

"Sijui kama nitaweza."

"Hilo sasa ni lako."

Alikuja, na nyuma yake wakaja wote, Koikai pia, ambaye alikuwa ameonywa na mke wake. Mzee alisoma sentensi kwa upole, akipita kimya penye kimya, na darasa likaisoma vilevile. Hakukosea hata mahali pamoja. Nosim alimshukuru Mungu, na hapohapo akajua kwamba hakupimwa.

Wageni walifika siku yenye jua kali, wazee kwa wazee, wamevaa kofia za kamba. Agnela akaketi pembeni kwenye kigoda, miguu ameikunja. Boma lilijaa. Wazee wa rika la Yiamat walisimama upande mmoja na fimbo zao, wake zao upande wa pili, na majirani ambao Kifaransa hakiwahusu walikuja kuona kama mambo yataharibika.

Mzee Yiamat akasimama mbele. "Soyez les bienvenus chez nous," akasema, suaye le bienvenu she nu, na nyuso za wageni zikafunguka. Bibi mmoja wa Kifaransa aliweka mkono kifuani. Walipiga makofi, wakajibu maneno mengi, na kina mama wakawajibu, na Lerionka akawauliza kama wamesafiri salama. Agnela alitikisa kichwa mara moja, kwa kukubali. Yangeweza kuishia hapo, na watu wote wangelala na furaha.

Lakini Mzee Yiamat si mtu wa kuishia hapo. Alikuwa ameandaa jambo lake peke yake, bila kumwambia mwalimu. Akampokea mkewe kibuyu cha maziwa, akakiinua kwa mikono miwili, akawatangazia wageni kwa Kifaransa kwamba maziwa haya ni yao. Neno lenyewe, "lait", alikuwa amelitoa kitabuni, na alilisema kama kitabu kilivyomwonyesha: la-i-t, herufi zote nne zimesimama wima.

Wageni walitabasamu kwa adabu, wasijue wanapewa nini. Nyuma ya mzee, Lerionka aliyafumba macho kidogo, kisha akafungua mdomo. "La-it," akasema. "La-it," wakaitikia kina mama wote kwa pamoja.

Nosim angeweza kunyamaza. Wageni walikuwa radhi, Agnela alikuwa radhi, na wakwe wote wa rika lile walikuwa wamesimama na fimbo zao wakimtazama. Alitoka katikati ya wanawake, akatembea mpaka mbele, akasimama alipoweza kuonekana na kila mtu. Hakuinamisha uso.

"Hapana, Paker," akasema. "Siyo hivyo. Sema: le."

Mwanamke mmoja nyuma yake alishika mdomo. Mmoja wa wazee alisogeza fimbo. Mzee Yiamat aligeuka, kibuyu bado kiko juu, akamtazama mkamwana wake mbele ya ukoo, mbele ya rika, mbele ya wageni.

"Le," akasema.

Sauti ya Nosim ilikuwa ile ya Ngarenaro. "Fungua mdomo zaidi. Tena."

"Le," akasema baba mkwe wake, na boma zima likasema pamoja naye.